John Cockcroft

John Douglas Cockcroft (Todmorden, 27 Mei 1897 – Cambridge, 18 Septemba 1967) alikuwa mwanafizikia na mhandisi wa umeme kutoka nchini Uingereza. Pamoja na Ernest Walton alikuwa wa kwanza kupasua kiini cha atomu kwa chembe zilizoongezwa kasi na mashine, tarehe 14 Aprili 1932. Kwa kazi hiyo wote wawili walipokea Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka wa 1951. Sakiti ya umeme waliyoitumia kupata volti kubwa inaitwa hadi leo jenereta ya Cockcroft na Walton. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia Cockcroft aliongoza utafiti wa nishati ya nyuklia wa Uingereza. Wakati huo alisisitiza vichujio viwekwe katika dohani za matanuri ya nyuklia ya Windscale; vilidharauliwa kwa miaka kadhaa hadi moto ulipozuka mwaka wa 1957.

Maisha ya awali

Cockcroft alizaliwa Todmorden, mji mdogo wa viwanda vya pamba kwenye mpaka wa Yorkshire na Lancashire. Alikuwa mkubwa kati ya watoto watano wa kiume wa John Arthur Cockcroft, mwenye kiwanda cha nguo, na mkewe Annie Maude Fielden. Alisoma katika shule ya sekondari ya Todmorden, na mmoja wa wanafunzi wenzake alikuwa Elizabeth Crabtree, ambaye baadaye alikuwa mke wake.

Mwaka wa 1914 alipata ufadhili wa kusoma hisabati katika Chuo Kikuu cha Manchester. Huko alihudhuria mihadhara ya Ernest Rutherford, aliyekuwa ameeleza miaka michache kabla kwamba atomu ina kiini kidogo sana katikati. Masomo yalikatizwa na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Cockcroft aliingia jeshini mwaka wa 1915, akatumwa Ufaransa na Ubelgiji katika kikosi cha mizinga akishughulikia mawasiliano, na alikuwepo katika mapigano ya Passchendaele. Mwezi wa Oktoba 1918, wiki chache kabla ya vita kwisha, alipandishwa cheo kuwa luteni.

Aliporudi hakuendelea na hisabati mara moja. Alisoma uhandisi wa umeme katika chuo cha teknolojia cha Manchester, akahitimu mwaka wa 1920, kisha akafanya mafunzo ya kazi katika kampuni ya Metropolitan-Vickers iliyotengeneza mitambo mikubwa ya umeme. Ni baada ya hapo tu alipokwenda chuo cha St John's, Cambridge, alikopata shahada ya hisabati mwaka wa 1924. Njia hiyo ya kuzunguka ilimfaa sana. Wanafizikia wengi wa Cambridge wa wakati ule walijua kutengeneza vifaa vya mezani kwa kioo na nta, lakini hawakuwa wamewahi kushughulika na transfoma za kiwandani. Cockcroft alizijua, na alijua pia amwombe nani kule Manchester.

Mwaka wa 1925 alimwoa Elizabeth. Walipata watoto sita. Wa kwanza, mvulana aliyeitwa Timothy, alifariki akiwa bado mdogo.

Maabara ya Cavendish

Rutherford alikuwa amehamia Cambridge mwaka wa 1919 kuongoza Maabara ya Cavendish. Cockcroft alifanya utafiti chini yake na kupata shahada ya uzamivu mwaka wa 1928. Wakati huohuo alikuwa fundi wa lazima kwa kila mtu: alimsaidia Pyotr Kapitza, mwanafizikia kutoka Urusi, kusanifu koili za kutoa ugasumaku wenye nguvu sana, na baadaye mitambo ya baridi kali. Serikali ya Umoja wa Kisovyeti ilipomzuia Kapitza asirudi Uingereza mwaka wa 1934, Cockcroft alikabidhiwa maabara yake, na alishughulikia pia kupeleka vifaa vya Kapitza Moscow. Hakuwa msemaji. Wenzake walimkumbuka kama mtu aliyejibu kwa neno moja au mawili, akaandika jambo kwa herufi ndogo mno katika kijitabu cheusi cha mfukoni, na baada ya siku chache jambo lenyewe likawa limetekelezwa.

Tatizo la volti

Hadi mwisho wa miaka ya 1920 watafiti wa kiini cha atomu walitumia chembe za alfa zinazotoka zenyewe katika elementi nururifu kama radi. Kwa njia hiyo Rutherford alikuwa ameshageuza kiini cha nitrojeni kuwa oksijeni, tokeo alilolitangaza mwaka wa 1919. Kwa hiyo usemi kwamba Cockcroft na Walton walikuwa wa kwanza kabisa kupasua atomu si sahihi. Upya wa kazi yao ulikuwa katika kutumia mashine. Chembe za alfa kutoka radi zilikuwa chache, zilitawanyika kila upande, na mtafiti hakuweza kuchagua kasi yake. Rutherford alitaka mkondo wa chembe nyingi unaoweza kuongozwa.

Kikwazo kilikuwa umeme. Protoni na kiini vyote vina chaji chanya, hivyo vinasukumana. Ili protoni ikaribie kiini ilidhaniwa kwamba ingehitaji volti milioni kadhaa, na hakuna maabara iliyokuwa na kifaa cha kuhimili volti hizo bila cheche kuruka na kuharibu kila kitu.

Jibu lilitoka katika nadharia. Mwaka wa 1928 George Gamow, mwanafizikia kijana aliyezaliwa Odessa, alionyesha kwamba kwa mujibu wa fizikia ya kwanta chembe inaweza kupita kizuizi cha nishati hata kama haina nishati ya kutosha kukiruka. Gamow alikuwa akieleza jinsi chembe za alfa zinavyotoka ndani ya kiini. Cockcroft aligeuza hoja upande wa pili: kama chembe inaweza kutoka, inaweza pia kuingia. Alipiga hesabu na kuona kwamba protoni zenye nishati ya elektroni-volti 300,000 hivi zingeingia katika viini vyepesi kama boroni mara za kutosha kuonekana. Alimwandikia Rutherford maelezo mafupi, na kazi ikaruhusiwa. Aliunganishwa na Ernest Walton (1903–1995), mwanafunzi kutoka Ireland mwenye mikono stadi ambaye alikuwa ameshajaribu njia nyingine za kuongeza kasi ya chembe bila mafanikio.

Kifaa cha kwanza kilitumia transfoma iliyotengenezwa na Metropolitan-Vickers kwa vipimo vya kutoshea chumba kidogo. Mwaka wa 1930 walifikia karibu volti 280,000, wakapiga shabaha kadhaa kwa protoni, na hawakuona chochote cha maana. Walikuwa wakitafuta miale ya gamma, na huenda walichokitaka kilikuwa kikitokea mbele yao bila kuonekana kwa sababu hawakuwa na kigunduzi kinachofaa. Mwaka wa 1931 walilazimika kuhama chumba. Badala ya kurudia kifaa kilekile waliamua kujenga kikubwa zaidi.

Jinsi sakiti inavyofanya kazi

Umeme unaotoka katika transfoma hubadilisha mwelekeo mara nyingi kwa sekunde. Kwa kuongeza kasi ya chembe unahitajika umeme wa mwelekeo mmoja, wenye volti kubwa na zisizoyumba. Sakiti ya Cockcroft na Walton hufanya kazi zote mbili pamoja: hunyoosha umeme na kuzidisha volti.

Ina safu mbili za kapasita, yaani vifaa vya kuhifadhi chaji, zilizosimama kama nguzo. Nguzo hizo zimeunganishwa kwa diodi, vifaa vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu, zilizopangwa mshazari kama vidato vya ngazi. Katika nusu ya kwanza ya mzunguko wa umeme, diodi ya chini inafunguka na kapasita ya kwanza inajaa. Katika nusu ya pili umeme wa transfoma umegeuka, volti yake inajumlishwa na ile iliyohifadhiwa, na chaji inasukumwa hadi kapasita inayofuata. Haiwezi kurudi kwa sababu diodi imefunga. Mzunguko baada ya mzunguko chaji inapanda ngazi, na kila hatua kamili inaongeza volti mara mbili ya kilele cha transfoma. Faida kubwa ni kwamba hakuna kapasita wala diodi hata moja inayobeba volti yote. Kila moja inabeba sehemu yake. Hasara ni kwamba mkondo mkubwa ukivutwa juu, volti hushuka na kuanza kuyumba, hali inayozidi kadiri hatua zinavyoongezwa.

Kwa transfoma ya volti 200,000, kapasita nne na diodi nne, sakiti ingetoa kinadharia volti 800,000. Kwa vitendo walipata karibu 700,000. Mswisi Heinrich Greinacher alikuwa amebuni mpango uleule zaidi ya miaka 10 kabla, nao hawakujua. Ndiyo maana katika nchi nyingine sakiti hii huitwa kwa jina lake.

Diodi za leo ni vipande vidogo vya silikoni. Za Cockcroft na Walton zilikuwa mitungi mikubwa ya kioo iliyopangwa juu kwa juu, ambayo hewa yake ilipaswa kuvutwa muda wote. Kila kiungo kilivuja. Walitumia grisi maalumu isiyotoa mvuke, iliyobuniwa Metropolitan-Vickers, na mahali pengi waliziba kwa plastisini, ule udongo laini wa watoto kuchezea. Miezi mingi ya kazi yao ilikuwa kutafuta matundu.

Tarehe 14 Aprili 1932

Mwanzoni mwa mwaka wa 1932 Rutherford alikuwa amechoka kusubiri. Vijana wake waliendelea kurekebisha mashine huku sehemu nyingine zikitoa habari: James Chadwick, katika jengo lilelile, aligundua nyutroni mwezi wa Februari, na huko Berkeley, Marekani, Ernest Lawrence alikuwa na saiklotroni iliyokwisha kufikia nishati kubwa kuliko yao. Rutherford aliwataka waache kupima na kurekebisha, waweke shabaha na skrini ya salfidi ya zinki, kisha watazame. Skrini hiyo hutoa kimulimuli kila inapogongwa na chembe ya alfa.

Asubuhi ya tarehe 14 Aprili Walton alikuwa peke yake. Shabaha ilikuwa lithi. Mashine ilipopata joto na volti kupanda, alitambaa sakafuni ili asikaribie sehemu zenye umeme, akaingia katika kibanda kidogo cha mbao kilichofunikwa kwa risasi ili kuzuia mnururisho, na kuweka jicho kwenye hadubini. Aliona vimulimuli vingi. Alimpigia simu Cockcroft, naye alipoona alimwita Rutherford. Mzee yule mwenye mwili mkubwa alijikunja ndani ya kibanda, akatoa maagizo ya kupandisha na kushusha volti, na akatoka akiwa na uhakika kwamba ni chembe za alfa. Hakuna mtu duniani aliyezifahamu chembe hizo kuliko yeye.

Protoni ilikuwa ikiingia katika kiini cha lithi chenye uzito wa 7, na kiini kipya kilipasuka mara moja kuwa viini viwili vya heli vyenye uzito wa 4 kila kimoja. Viini hivyo viliruka pande tofauti vikiwa na jumla ya nishati ya takriban elektroni-volti milioni 17, ingawa protoni iliyoanzisha ilikuwa na sehemu ndogo tu ya nishati hiyo. Mizani ya hesabu ilikaa sawa kwa njia moja tu: viini viwili vya heli vina masi ndogo kidogo kuliko lithi na protoni vikijumlishwa, na tofauti ya masi ndiyo iliyogeuka kuwa nishati kama Albert Einstein alivyoonyesha mwaka wa 1905. Ulikuwa uthibitisho wa kwanza wa kanuni hiyo kwa kipimo cha moja kwa moja katika mabadiliko ya kiini.

Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature tarehe 30 Aprili. Lawrence na wenzake waligeuza saiklotroni yao kutazama lithi na kupata matokeo yaleyale mnamo Septemba. Walikuwa na mashine iliyofaa tangu mapema. Walichokosa ni vigunduzi vilivyo tayari.

Tukio hili halipaswi kuchanganywa na kupasuka kwa urani, kulikogunduliwa Ujerumani mwishoni mwa mwaka wa 1938 na ambako ndiko msingi wa bomu la atomu. Mashine ya Cambridge ilitumia umeme mwingi mno kuliko nishati iliyopatikana, kwa kuwa protoni nyingi sana zilipita bila kugonga kiini chochote.

Wakati wa vita

Cockcroft alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society mwaka wa 1936 na profesa wa Cambridge mwaka wa 1939. Vita vilipoanza alihamia kazi ya rada. Mwaka wa 1940 alikuwa naibu wa Henry Tizard katika ujumbe uliokwenda Marekani na Kanada kuwapa siri za kiufundi za Uingereza, ikiwemo magnetroni, vali ndogo iliyowezesha rada za mawimbi mafupi kuwekwa ndani ya ndege.

Mwaka wa 1944 alipewa uongozi wa maabara ya nyuklia huko Montreal, Kanada, iliyokuwa imedhoofishwa na ugomvi kati ya wataalamu wa mataifa mbalimbali. Chini yake kituo cha Chalk River kilijengwa, na tanuri la ZEEP lilianza kufanya kazi mnamo Septemba 1945, la kwanza nje ya Marekani. Muda huohuo iligundulika kwamba Alan Nunn May, mmoja wa wanafizikia wa maabara yake, alikuwa jasusi wa Umoja wa Kisovyeti. Haikuwa mara ya mwisho: mwaka wa 1950 Klaus Fuchs, mkuu wa idara ya nadharia chini ya Cockcroft, alikamatwa kwa kosa hilohilo.

Harwell na vichujio vya Windscale

Mwaka wa 1946 Cockcroft alirudi Uingereza kuongoza kituo kipya cha utafiti wa nyuklia huko Harwell. Tanuri la kwanza, GLEEP, liliwashwa mwezi wa Agosti 1947. Wakati huo serikali ilikuwa imeamua kutengeneza bomu lake, na matanuri mawili makubwa ya kuzalisha plutoni yalijengwa Windscale, kwenye pwani ya kaskazini-magharibi. Yalipozwa kwa hewa tu: feni kubwa zilisukuma hewa kupita kwenye grafiti na urani, kisha hewa ikatoka moja kwa moja katika dohani mbili zenye urefu wa zaidi ya mita 120.

Cockcroft alikuwa amepata habari kutoka Marekani kwamba vumbi lenye unururifu lilikuwa limeonekana karibu na tanuri la aina hiyo huko Oak Ridge. Alitaka dohani za Windscale ziwe na vichujio. Wajenzi hawakupendezwa. Kazi ilikuwa imeshaanza, sehemu za chini za dohani zilikuwa zimesimama, na kazi yote iliendeshwa kwa haraka. Kwa kuwa haikuwezekana tena kuviweka chini, vichujio vilijengwa juu kabisa, ambako kila tofali na kila chuma kilipaswa kupandishwa. Dohani zilipata umbo la ajabu lenye uvimbe kileleni, na wafanyakazi waliuita uvimbe huo upumbavu wa Cockcroft.

Tarehe 10 Oktoba 1957 iligundulika kwamba ndani ya tanuri namba 1 urani ilikuwa ikiwaka. Wafanyakazi walijaribu kusukuma nje vijiti vya urani kwa mikono, kisha walijaribu gesi ya kaboni dioksidi, na siku iliyofuata walimwaga maji, hatua iliyoweza kusababisha mlipuko. Moto ulizimika hewa ilipofungwa. Vichujio vilinasa sehemu kubwa ya vumbi nururifu. Havikuweza kuzuia yote: iodini-131 ilitoka kwa wingi na kuanguka kwenye malisho, na maziwa ya mashamba katika eneo la takriban kilomita za mraba 500 yalimwagwa kwa wiki kadhaa. Ripoti kamili ya uchunguzi haikutolewa kwa umma wakati huo. Bila vichujio madhara yangekuwa makubwa mara nyingi zaidi, na jina lile la dhihaka halikutumika tena kama zamani.

Miezi michache baadaye Cockcroft mwenyewe alikosea hadharani. Mnamo Januari 1958 Harwell ilitangaza matokeo ya mashine ya ZETA iliyolenga kupata nishati kwa myeyungano wa nyuklia kama ndani ya Jua. Alipoulizwa na waandishi wa habari alieleza kwamba ana uhakika mkubwa kuwa nyutroni zilizopimwa zilitokana na myeyungano. Magazeti yalishangilia. Vipimo zaidi vilionyesha kwamba nyutroni zilitoka kwa njia nyingine, na mwezi wa Mei dai hilo liliondolewa. Kwa mtu aliyezoea kusema machache, ilikuwa bahati mbaya kwamba siku ile alisema zaidi ya ilivyohitajika.

Miaka ya mwisho

Mwaka wa 1959 Cockcroft alikuwa mkuu wa kwanza wa Churchill College, chuo kipya cha Cambridge kilichokusudiwa hasa kwa sayansi na teknolojia. Alipewa tuzo ya Atoms for Peace mwaka wa 1961. Alifariki nyumbani kwake chuoni tarehe 18 Septemba 1967 kwa ugonjwa wa moyo. Alizikwa Cambridge, katika kaburi la mwanawe Timothy.

Urithi

Jenereta ya Cockcroft na Walton ilikuwa hatua ya kwanza ya mashine nyingi za kuongeza kasi ya chembe. Huko CERN ilisukuma protoni za kwanza hadi miaka ya 1990, na Fermilab karibu na Chicago iliitumia hadi mwaka wa 2012. Toleo dogo la sakiti hiyo limo katika mashine za eksirei na lilikuwemo katika televisheni za zamani.

Katika vigunduzi vya leo tatizo la kugeuza volti limegeuka upande: umeme unapaswa kushushwa, na kigeuzi kiko palepale penye mnururisho. Katika kigunduzi cha CMS huko CERN vigeuzi vidogo hushusha takriban volti 10 hadi 2 au 3 karibu kabisa na mgongano wa protoni. Koili zake hazina kiini cha chuma, kwa sababu sumaku kubwa ya kigunduzi ingekishiba na kukifanya kisifae. Mwishoni mwa mwaka wa 2017 baadhi ya vigeuzi hivyo viliharibika. Ilibainika kwamba mnururisho ulifanya umeme uvuje ndani ya transista, na uharibifu ulitokea pale vilipozimwa na kuwashwa tena. Vyote vilibadilishwa kabla ya mashine kuanza tena mwaka uliofuata.

Jenereta ya volti milioni moja iliyotengenezwa na Philips mwaka wa 1937 kwa ajili ya Maabara ya Cavendish imehifadhiwa katika Makumbusho ya Sayansi ya London.